Paukwa Niliyoisahau

Jumatatu, 29 Septemba 2025

Leo Shafina kaja na kitabu. Shafina ni mjukuu wa Bibi Gulshan, yuko chuo, wiki hii nywele zake ni za zambarau. Jalada lina paka mweusi, boga lililochongwa meno na kofia ndefu ya mchawi. Kasema Bibi asomewe, ndiyo msimu wake huu – majani yanaanguka, watu wanajifunika blanketi, wanakunywa kitu cha moto na kusoma habari za wachawi na mauaji. Eti inatuliza moyo. Mauaji! Watoto wa huku.

Shida ni kwamba Bibi Kiingereza kimemtoka. Miaka themanini na nane, macho hayasomi, na lugha zinaaga moja moja. Kikachi, lugha ya Wahindi wa kwao, kinakuja na kupotea. Kilichobaki imara ni Kiswahili cha Moshi, alikozaliwa, alikouza vitambaa na marehemu mumewe Mzee Nizar mpaka walipohama. Mwanawe Ashif aliondoka mdogo, anaelewa maneno mawili matatu na anajibu Kiingereza. Mkwewe Nazira kwao ni Karachi, hajui hata "maji". Kwa hiyo katika nyumba nzima ya hapa Don Mills, huku ughaibuni, anayeongea na Bibi ni mimi mhudumu, saa mbili asubuhi mpaka saa kumi, Jumatatu hadi Ijumaa.

Ila kuna kitu kimoja. Asubuhi nikisema "Shikamoo Bibi", hata siku ambayo hajui yuko wapi, anajibu: "Marahaba, mwanangu." Hiyo haijawahi kupotea. Mama yangu alifariki Songea nikiwa huku, sikumzika. Marahaba ya Bibi naisikiliza kwa masikio yote mawili.

Nitamsomea basi. Nitatafsiri palepale, kwani kitu gani.

Jumatano, 1 Oktoba

Imeshindikana. Majina! Kila mstari Bibi anauliza, nani huyo? Nani tena? Mji wenyewe wa kwenye kitabu mimi kuutamka siwezi. Ukurasa wa pili akasinzia.

Baada ya chakula cha mchana nikapata akili – najiona mjanja kweli leo. Nikafunga kitabu, nikavuta kiti, nikamsogelea sikioni: Bibi, umesikia yaliyotokea Moshi?

Akafumbua macho! Bibi anapenda umbea kuliko chakula. Nikampa yote kama ya Moshi. Yule tajiri mzee wa kwenye kitabu nikamfanya mjane mwenye duka, karibu na soko. Halafu kuna mama mwenye mgahawa wa chai, ana paka, anajua mitishamba, mji mzima unampenda – kwenye kitabu ni mchawi. Mchawi mzuri! Nikakwama hapo. Mchawi mzuri kwa Kiswahili nampeleka wapi? Nimemfanya mganga. Yeye ndiye anayepeleleza. Maana mjane anadhoofika, na kila jioni kinywaji chake kina uchungu usiojulikana umetoka wapi.

Bibi akauliza nani anampa. Nikasema ndiyo hatujui. Akasema loo! Akamaliza bakuli zima la uji bila kubembelezwa.

Jumatatu, 6 Oktoba

Siku nzuri. Sura ya nne mpaka ya sita. Nazisoma ndani ya basi la Kipling nikitoka kwetu Rexdale, nikifika kwa Bibi nazimwaga. Kwa Kiingereza mambo haya yanachekesha, mauaji yamepambwa kwa keki na maboga. Nikiyasema kwa Kiswahili yanatisha hata mimi. Sijui kwa nini.

Wanaoshukiwa: mwenye bekari, daktari, dada wa kazi anayebeba sinia, na mke wa mpwa wa marehemu (mjane kashakufa sasa, sura ya tano). "Mke wa mpwa" ni neno refu na Bibi anachanganyikiwa. Nimesema tu "mkwe".

Bibi aliuliza mkwe huyo ni mnene au mwembamba. Nikasema mwembamba, anavaa miwani. Ndivyo kilivyo kitabu, mimi sikuongeza kitu!

Alhamisi, 9 Oktoba

Nazira kaniuliza kama Bibi anaumwa meno. Jioni mbili hajala. Nikasema labda, nitaangalia. Mchana kwangu alikula wali na dengu mpaka akaomba ndimu.

Jumanne, 14 Oktoba

Jana sikukuu ya shukrani, kwa hiyo sikwenda kwa Bibi siku tatu. Nimefika leo, Nazira kakaa jikoni na koti lake la kazini, hajaenda ofisini, macho mekundu. Bibi hajala siku tatu. Anafunga mdomo. Chai aliimwaga kwenye shuka. Maji kanywa pale tu Shafina alipofungua bomba mbele yake.

Tulimpima. Mwezi uliopita kilo arobaini na sita. Leo arobaini na tatu.

Nikaingia chumbani. Shikamoo Bibi. Marahaba, mwanangu. Kisha akanishika mkono, akanivuta. Akaninong'oneza nifunge mlango. Akasema yule mwembamba wa miwani anamtilia kitu kwenye chai.

Nikasema Bibi, nani kakwambia maneno hayo?

Akanishangaa. Akasema: Si wewe mwenyewe!

Mungu wangu. Ni mimi kweli. Nikachukua bakuli. Akala uji kwa mkono wangu, wote, ananitazama kwa upendo, na kila kijiko nilitamani kulia.

Jumatano, 15 Oktoba

Nimemwambia Silvanus. Mume wangu alikuwa anavaa viatu vyake vya kazi vyenye chuma aende kubeba maboksi kule karibu na uwanja wa ndege. Alicheka mpaka akakaa chini. Akasema, wewe Otilia, nchi nzima hii imejaa vitabu vya kuku na sungura, ukaona umpe mzee sumu. Kisha akaona uso wangu, akaacha. Mweleze ni hadithi tu, basi, kesho yameisha.

Yameisha! Mdomo uliponza kichwa.

Alhamisi, 16 Oktoba

Nimemweleza. Nimemletea kitabu, nikamshikisha, nikampapasisha jalada. Bibi, ni hadithi. Mjane hayupo, mganga hayupo, Moshi hakuna aliyekufa kwa sumu. Nimetunga kutoka humu.

Alikipapasa tena. Halafu akasema, na sauti yake ilikuwa ya mama wa dukani kabisa, haikuwa ya mgonjwa: Kama ni hadithi, mbona hukusema paukwa?

Nikakiweka kitabu chini.

Akaendelea. Yaya wake alimlea kwa hadithi, kila siku. Paukwa! Wao watoto: Pakawa! Ndipo mtu anajua sasa tunadanganyana, sungura ataongea. Wewe hukusema. Wewe ulifunga mlango, ukavuta kiti, ukasema umesikia yaliyotokea Moshi. Hiyo si hadithi, hiyo ni habari.

Kweli tupu. Mama yangu angenizaba kofi. Hata mtoto wa darasa la kwanza anajua hadithi ina mlango wake. Mimi nilipita dirishani kwa sababu umbea ulikuwa mtamu, na sasa kutoka siwezi.

Nikajaribu. Nikasema kwa nguvu, Paukwa! Akakaza midomo, akageukia ukutani. Baadaye akanipapasa mkono, akanihurumia, akasema: Wamekutisha, eh? Wamekwambia unyamaze.

Ijumaa, 17 Oktoba

Nimekiri kwa wenyewe. Nazira na Ashif, sebuleni, mimi nimesimama kama mtoto aliyevunja sahani. Nilieleza kwa Kiingereza changu chote. Ashif alikuwa keshasikia neno "sumu" likitoka chumbani, neno hilo analijua. Alikuwa anangoja tu. Akauliza mara mbili kama nilisema mkwe. Nikasema ndiyo.

Nazira hakufoka. Afadhali angefoka. Alisema miaka ishirini na sita anakaa na mama huyu, mama huyu ndiye aliyemfundisha kupika kuku wa nazi, ndiye aliyemshika mkono siku anamzaa Shafina. Akasema tafadhali, mpe mwisho. Mtu yeyote awe muuaji asiwe mimi.

Nesi alikuja saa nane. Kilo arobaini na mbili na nusu. Kasema wazi: akishuka chini ya arobaini anapelekwa hospitali, na kutoka hospitali hatarudi hapa, atatafutiwa nyumba ya wazee. Nyumba ambayo hakuna hata mmoja anayejua "maji". Mimi nalisha mchana siku tano. Jioni zote na mwisho wa juma ni Nazira. Ajensi iliyoniajiri haina mtu mwingine wa Kiswahili, niliuliza, na mimi Jumamosi na Jumapili nina mzee mwingine kule Brampton. Hesabu haifiki.

Jumapili, 19 Oktoba

Nimekimaliza kitabu. Nilikisoma baada ya misa, kwenye gari ya Silvanus, injini inanguruma kwa ajili ya joto. Nilikuwa nimejipa moyo: vitabu hivi mtu unayemshuku siye.

Ni mke wa mpwa. Yeye na miwani yake! Kila jioni, kwa mkono wake. Mganga anamkamata sikukuu ya maboga, watu wanapiga makofi, paka anapewa samaki.

Nilikitupa chini ya kiti. Silvanus akauliza nani kashinda. Nikafunga mkanda.

Jumatatu, 20 Oktoba

Nimemwambia Bibi wamemkamata mtu kule Moshi. Ni mwenye bekari!

Bibi: Aliingiaje jikoni?

Nikasema alikuwa na ufunguo. Akasema jikoni kuna mbwa. Kweli, kuna mbwa, nilimweka mwenyewe.

Jumanne, 21 Oktoba

Daktari. Nilijiandaa njia nzima, nikamtafutia deni, wivu, kila kitu.

Bibi alisikiliza vizuri. Kisha: Daktari anakuja mara moja kwa wiki. Chai ilikuwa chungu kila siku.

Mwanamke huyu jina langu analisahau baada ya chakula cha mchana! Jina la nchi hii halijui. Lakini dukani kwao alikamata wezi wa vitambaa miaka thelathini, na akili ile imebaki nzima pembeni peke yake. Akaniinamia akanipa somo. Usiangalie anayechukiwa. Usiangalie anayegombana. Angalia anayeshika kikombe.

Jumatano, 22 Oktoba

Paka. Alipiga teke chupa ya dawa ya panya. Bibi akacheka – mara ya kwanza kwa wiki mbili! – akacheka mpaka akakohoa. Nikadhani tumepona. Nazira, aliyewahi kutoka kazini, akaingia na chai hapohapo, nikamwashiria njoo, njoo sasa hivi.

Mdomo ukafungwa kama duka saa ya swala ya Ijumaa.

Alhamisi, 23 Oktoba

Kilo arobaini na gramu mia tatu.

Leo Nazira kajaribu la kwake. Kaomba ruhusa kazini, kaleta chai ya maziwa na iliki, kakaa kitandani, kanywa funda mbili mbele ya Bibi, taratibu, kisha kampa kikombe. Nilikuwa nimesimama mlangoni. Nilikuwa naomba Mama Maria wote ninaowajua.

Bibi akanitazama mimi, akaniambia kwa Kiswahili: Yule wa Moshi naye si alionja kwanza?

Alionja. Sura ya nne. Nilimsimulia mimi, kwa madaha yote, hadi sauti ya kumeza nilimwigizia.

Nazira akaniuliza mama kasema nini. Nikasema kasema hana kiu. Alijua nadanganya. Aliinuka na kikombe chake, akakinywa chote kwenye sinki, amenipa mgongo. Ashif kwenye simu koridoni, anaulizia nafasi. Jumatatu wakamwone mtu wa nyumba moja ya wazee, kaskazini huko. Kasema ni kuangalia tu. Anazungumza polepole siku hizi, na hanitazami.

Shafina alinitumia ujumbe, anasema pole, kitabu kilikuwa wazo lake, analia. Nikamwandikia mwanangu usilie, kitabu hakina kosa. Kitabu kilisema jaladani kabisa kwamba ni uongo. Aliyeondoa jalada ni mimi.

Ijumaa, 24 Oktoba

Naandika kwenye basi.

Nilipofika nilimwosha, nikampaka mafuta miguu. Miguu imekuwa ya ndege. Shikamoo. Marahaba, mwanangu. Nikaichelewesha kidogo moyoni ile marahaba, maana nilikuwa nimeshaamua ndani ya basi. Au sikuamua. Nilihesabu tu walioshika kikombe. Mganga hakushika. Daktari, bekari, paka, hakuna. Anayepika na anayebeba, basi. Wawili tu. Mmoja lazima Bibi amwamini kuanzia leo jioni mpaka Jumatatu asubuhi, na huyo si mimi, mimi sipo.

Saa tisa Nazira alirudi mapema, nikamwomba atengeneze chai, angoje nje.

Nikafunga mlango. Nikavuta kiti, vilevile. Bibi, umesikia habari za Moshi? Zimefika leo, na hizi ni za kweli. Mkwe hana kosa. Wamemwachia, wamemwomba radhi.

Akauliza, nani basi.

Nikasema: Dada wa kazi. Yule anayebeba sinia. Mkwe anapika chai safi, dada anaitia kitu njiani, kwenye korido, halafu anamnong'oneza mjane kwamba ni mkwe. Kila siku anamnong'oneza. Ndiyo maana mjane hakumshuku dada.

Naona akili ile ya dukani inapima, inapindua kitambaa inaangalia mishono. Akasema polepole: Anashika kikombe.

Nikasema ndiyo.

Na ni yeye aliyeleta maneno.

Ndiyo, Bibi.

Mkono wake ulikuwa ndani ya wangu. Aliutoa. Hakuuchomoa kwa hasira, aliutoa tu, akauweka chini ya blanketi. Kisha akaita jina la Nazira kwa sauti, mara mbili. Nazira akaingia na chai. Bibi akainywa. Yote! Nazira analia, machozi yanadondoka kwenye sahani ya kikombe, ananiambia asante, asante, umefanyaje? Nikasema nimempa mwisho.

Sikumwambia mwisho gani. Nilichukua koti.

Jumapili, 26 Oktoba

Nazira kanitumia picha. Bibi na bakuli la kuku wa nazi, mchuzi kidevuni. Kilo arobaini na moja! Ashif kaahirisha ile safari ya kesho. Silvanus kasema, sasa unalilia nini, si ulitaka ale? Nilitaka. Nataka. Nimefurahi, haki ya nani nimefurahi. Nilikaa bafuni nikafungua maji ili asinisikie.

Jumatatu, 27 Oktoba

Saa nane mchana, jikoni kwao.

Nilifika saa mbili kama kawaida. Nazira kanikumbatia mlangoni, kachukua likizo leo yote amshibishe mama. Ashif alinitazama usoni, akanikaribisha kahawa. Watu hawa hawajui kitu. Wanadhani nimewaponya.

Nikaingia chumbani. Nikainama. "Shikamoo Bibi."

Alikuwa macho, nywele zimesukwa vizuri. Ananisikia, najua ananisikia. Nikangoja. Nikasema tena, shikamoo. Alikuwa anatazama mikono yangu.

Uji wangu hajaugusa. Nikimgeuza anakaza mwili. Nazira anacheka, anasema leo zamu yangu kununiwa, itapita. Kesho anarudi ofisini, anasema mchana utaendelea wewe kama zamani, si ndiyo? Nikaitikia. Nitafanya nini? Nimwambie niliyoyasema, atanitaka nimkanushie Bibi, na Bibi atarudi kwenye hofu ya zamani. Nisimwambie, kesho kuanzia saa mbili mpaka saa kumi Bibi atafunga mdomo. Nimehamisha shimo tu kutoka jioni kwenda mchana. Labda niombe ajensi wanibadilishe, waje na mtu asiyejua Kiswahili, asiyejua hadithi yoyote. Labda kwake atakula. Na nani atamwambia shikamoo?

Hapa nasikia sauti yake chumbani, anamuuliza Nazira kitu, anarudia, kwa Kiswahili. Nazira haelewi. Ananiita nije nimtafsirie, kwa furaha kabisa, anadhani Bibi anataka chai nyingine.

Bibi anamuuliza kama yule dada bado yumo humu ndani.

Nazira ananiita tena. Otilia, anasema nini?